Sindano Isiyoingia

14 Januari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama naye hajambo kadiri alivyojaliwa. Huku sisi tupo. Mafua yanapokezana ofisini, akipona huyu anaanza yule. Baba mtoto anakusalimu. Mtoto mwenyewe ameota meno mawili ya mbele na ameshaanza kuyajaribu kwa watu; juzi aliniuma bega nikapiga yowe mpaka jirani akaja kuuliza.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Ukipokea simu Mama yuko ubavuni pako, na wewe hujui kunong'ona. Tangu nikiwa mdogo, ukinong'ona jikoni walioko barazani wanaitikia. Kwa hiyo hii nimeituma hospitalini kwako, uisome huko huko.

Habari yenyewe: utafiti umepita! Unajua nimebisha milango mingapi. Kazi yangu hapa kwenye jumuiya ya utafiti wa tiba ni hiyo tu, kuwaeleza wenye uwezo kwamba tiba ya sindano, zile nyembamba za Kichina zisizo na dawa ndani, si uganga wala mazingaombwe, na kwamba anayeisifu na anayeicheka wote wanabahatisha mpaka ipimwe kama dawa nyingine zinavyopimwa. Wengine walikuwa wananisikiliza macho yapo kwenye saa. Sasa wafadhili wamekubali, na hospitali iliyochaguliwa ni yenu. Watakaotibiwa ni wale waliobaki na moto na ganzi miguuni baada ya dawa za saratani. Niliposoma hapo nililia mezani bila haya, mwenzangu akanikimbilia na glasi ya maji.

Maana hiyo si ndiyo miguu ya Mama? Fundi cherehani asiyeweza kukanyaga cherehani, Mama Mdogo, siku yake inapitaje? Nakuomba umweleze ajiunge. Mimi nikimwambia atasema nimeanza ukasuku wangu.

Mwanao,
Kasuku


3 Februari

Kasuku mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika mapema lakini mlinzi wa mapokezi aliigeuza kibao cha kuwekea kikombe, nimeipata ina mduara wa chai. Nimemsema, akaniuliza kama kuna mtu bado anaandika barua. Nikamjibu, ndiyo, mtu ambaye shangazi zake na mama zake hawajui kunong'ona.

Mama yako ni wa jioni. Jioni anakaa vizuri na anagomba vizuri. Wiki hii tumegombana juu ya pazia la sebuleni, anasema nimelitundika pindo nje. Vidole havishiki uzi lakini jicho la ufundi halijastaafu. Asubuhi ndiyo shida. Nikiingia chumbani namkuta ameteremsha miguu kwenye saruji ipoe, na shuka amelikunja mpaka magotini. Hawezi kuvumilia shuka kugusa nyayo, anasema ni kama amefunikwa kwa upupu.

Hongera kwa kazi. Tulikuita Kasuku kwa sababu ulikuwa hufungi mdomo, kumbe ulikuwa mazoezini.

Sasa nikueleze, maana wewe unaujua utafiti wa kwenye karatasi, mimi naujua wa kwenye kitanda. Tumeletewa sindano za aina mbili. Moja ni ya kweli, inaingia. Nyingine ina ncha butu: ukiibonyeza inarudi ndani ya mpini wake, inabaki imesimama juu ya ngozi kama imeingia. Mgonjwa anasikia ameguswa, basi. Nani apate ipi, kura inapigwa na kompyuta. Mgonjwa hajui. Mwalimu naye hajui. Huyu ni mama mmoja aliyestaafu ualimu, kazi yake kila wiki ni kumuuliza mgonjwa maumivu yako leo ni ngapi, kutoka sifuri hadi kumi. Tunaojua ni sisi wachomaji peke yetu, kwa sababu mkono haudanganyiki. Ndiyo maana tumekatazwa kusema chochote zaidi ya maneno tuliyofundishwa: "Lala vizuri. Utasikia kitu kidogo. Pumua." Hata uso tumefundishwa. Daktari mkuu wetu, ambaye tunamwita Bwana Taratibu kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo, alitusimamisha mbele ya kioo mimi na mwenzangu tufanye mazoezi ya kutokuwa na sura. Tulicheka mpaka akatutoa nje.

Nimemweleza mama yako yote, pamoja na kwamba anaweza kuangukia ile ya kugusa.

Akaniuliza, "Yaani nitalazwa pale niguswe-guswe bure?"

"Inawezekana, dada."

"Na itamsaidia nani?"

"Watakaokuja."

Halafu akasema, "Nimeshona sare za watoto wa watu maisha yangu yote, na sikumjua hata mmoja alifika wapi. Niandikishe."

Atachomwa na mwenzangu, si mimi. Damu nzito kuliko maji, na methali hiyo Bwana Taratibu anaijua. Vidonge vyake anaendelea navyo. Na wote watakaoangukia ya kugusa watapewa ya kweli wakimaliza duru yao, hiyo ni ahadi.

Mtunze mjukuu wangu, na umfundishe kuuma mkate.

Mama yako mdogo


20 Februari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mtoto hajambo, mafua yamehamia kwa bosi na ofisi imepumua.

Naandika haraka. Mama amenipigia baada ya siku yake ya kwanza. Anasema nesi ana mkono mwepesi, na kitanda kina shuka la kijani alilotamani kulikunjia pindo. Alikuwa na sauti ya mtu aliyetoka mahali, si ya mtu aliyeshinda ndani. Sijui nikushukuruje. Najua sitakiwi kusema, lakini moyo wangu umeshaniambia amepata ya kweli.

Kasuku


9 Aprili

Mwanangu,

Salamu sana. Nimechelewa kukujibu kwa sababu hapa mambo yamegeuka. Mwenzangu alikuwa mjamzito, hilo tulilijua, lakini mtoto hakutaka kusubiri. Wote wawili wazima, tumshukuru Mungu. Lakini wachomaji tulikuwa wawili, sasa nimebaki mmoja, na kumfundisha mwingine kunachukua muda ambao utafiti hauna.

Bwana Taratibu aliniita. Aliniuliza nichague: mama yako aondolewe, au nimpokee mimi kama mgonjwa mwingine yeyote. Nikampelekea dada swali bila kumwonyesha ninapotaka aegemee. Akasema yeye hajawahi kuacha nguo katikati, ameshakata kitambaa.

Basi ninamchoma mimi. Analala, nasema maneno yangu matatu, anapumua. Mara ya kwanza aliniambia, "Mbona leo una uso wa hakimu?" Nyumbani tunarudi kuwa ndugu, tunagombana juu ya pazia. Anasema anapata nafuu. Kila akishuka kitandani ananishika mkono, "Asante, mdogo wangu, leo kuna nafuu."

Sasa sikiliza vizuri. Nakujua wewe. Usiniulize.

Mama yako mdogo


2 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Huku wazima. Mtoto anasimama kwa kushika viti na anatembea navyo kama mzee wa fimbo. Baba yake amepata kazi ya zamu, kwa hiyo tunaonana mlangoni.

Umesema nisiulize. Nauliza.

Nimekaa na swali hili tangu barua yako ilipofika. Nikifanya kazi lipo, nikimwogesha mtoto lipo. Hapo mwanzo nilikuwa na amani kwa sababu aliyekuwa anajua ni mtu nisiyemjua. Sasa anayejua ni wewe. Unalala chumba cha pili kutoka kwake, unampikia uji, na unajua! Ni ya kweli au siyo?

Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano wa wafadhili. Nilisimama na nguo niliyoazima, nikawaambia kwamba utafiti ni uaminifu, kwamba mtu mmoja akichezea kura tumeharibu yote. Walipiga makofi. Nikatoka hapo nikaenda chooni, nikajifungia, nikaanza kuitunga barua hii kichwani. Kwa hiyo najijua, huna haja ya kunionyesha.

Kama Mama ameangukia ya kugusa, mbadilishie. Uko naye peke yenu, pazia limefungwa. Ni mtu mmoja tu kati ya wote wale. Nani atajua? Na kama amepata ya kweli, niandikie neno moja, hata "usijali" inatosha, nami nitafunga mdomo wangu kwa mara ya kwanza maishani.

Mama yangu ameteseka vya kutosha, Mama Mdogo.

Kasuku


11 Juni

Kasuku,

Tumejaliwa kuamka. Mvua zimevujisha paa la stoo, nimeweka beseni. Mama yako anakusalimu, hajui kama nakuandikia.

Barua yako niliikunja nikaiweka mfukoni mwa koti la kazi, nikatembea nayo wiki nyingi. Nilitaka hasira ipoe kwanza. Imepoa kidogo tu, kwa hiyo vumilia.

Unasema ni mtu mmoja. Kila anayelala kwenye kile kitanda ni mtu mmoja. Yuko mzee aliyekuwa fundi mwashi, hawezi kujua amekanyaga msumari mpaka aone damu. Yuko binti wa rika lako aliyeacha kubeba mtoto wake kwa kuogopa kuanguka naye. Hao nao wana watu wao, na watu hao hawana mama mdogo wa kumwandikia. Nikimbadilishia dada yangu, hao wengine nitawaangaliaje nikiwaambia wapumue?

Na sikukujibu "usijali" kwa sababu nikikupa wewe neno hilo, mwingine nitakayemnyima atajua maana yake mara moja. Kwa hiyo ukiona kimya changu, usikipime. Nimewanyamazia wewe na yeye sawasawa.

Nitakuambia ninaloruhusiwa. Anasema amepata nafuu. Anasema mwenyewe kwa kinywa chake, kila wiki, bila kuulizwa. Juzi alikaa kwenye cherehani, hakushona, alikaa tu. Mimi nalishika neno lake hilo, na wewe lishike.

Lingine halihusu sindano. Kikohozi chake hakiniridhishi. Amepigwa picha ya kifua, tunasubiri.

Mama yako mdogo


25 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe. Siwezi kuandika mengi. Umeniambia kwenye simu majibu ya picha kwa sauti ya kazini, nikajua Mama yuko karibu. Imerudi, na imeingia kwenye mapafu. Nimeelewa.

Nataka kuja. Mama amenikataza, anasema nisije kumtazama kama jeneza, nije mtoto akianza kutembea ili apate cha kuangalia. Duru yake inaisha lini? Siulizi lile. Nauliza tu inaisha lini.

Kasuku


8 Julai

Mwanangu,

Inaisha mwezi huu. Mtoto atembee au asitembee, njoo mwezi ujao. Usingoje ruhusa yake.

Mama yako mdogo


17 Septemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Tulifika salama. Mtoto alitapika njiani lakini sasa hajambo. Baba yake anakupa pole tena kwa msiba wa Mama.

Najua niliondoka bila kuaga vizuri. Ulikuwa unaosha masufuria ya matanga, ukanipa mkono wenye povu, nami nikaupokea kama wa mgeni. Nimejilaumu kwa hilo, lakini soma kwanza kwa nini.

Siku ile baada ya mazishi, Mwalimu alikaa karibu nami kwenye mkeka. Sidhani kama alitakiwa kusema. Ni mtu mzima, alikuwa analia, na alitaka kunipa kitu kizuri cha kukumbuka. Aliniambia, "Mama yako alikuwa mkweli kuliko wote. Wengine walikuwa wakinipunguzia maumivu wanifurahishe. Yeye kila wiki alinitazama machoni akaniambia, Mwalimu, ni nane, palepale."

Nane kati ya kumi, Mama Mdogo. Kutoka mwanzo hadi mwisho wa duru.

Mimi nilikuwa nikipigiwa simu na mtu aliyepata nafuu. Aliniambia amepanda ngazi za kanisani bila kushika. Aliniambia analala kama mtoto mchanga. Na wewe uliniandikia nilishike neno lake! Ulikuwa unaishi naye nyumba moja. Wewe si mgeni wa maumivu, ndiyo kazi yako. Hukuona?

Sasa kwake utafiti umekwisha, na yeye hayupo. Hakuna kitu kilichobaki cha kulinda. Niambie ilikuwa sindano gani.

Kasuku


5 Novemba

Mama Mdogo,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimeuliza hospitalini, wanasema unakuja kazini kila siku, kwa hiyo najua mkono wa kuandikia upo.

Nakuletea habari kwa sababu ni haki yako kuipata kutoka kwangu kabla ya kuisikia kwa Bwana Taratibu. Hesabu za utafiti zimefunguliwa. Waliochomwa ya kweli wamepata nafuu kuliko walioguswa. Si muujiza, si kwa wote, na watu wazito wamesema urudiwe kwa watu wengi zaidi kabla mtu hajafungua mdomo kuisifu. Lakini tofauti ipo, na inaonekana. Wafadhili wanataka kuendelea. Ofisini walikata keki. Niliishika sahani yangu mpaka krimu ikayeyuka.

Bosi anataka niandike habari ya mgonjwa mmoja, watu waisome wahamasike. Amesema nichague "mwenye hadithi nzuri." Nimemwambia simjui.

Nakungoja.

Kasuku


2 Desemba

Kasuku mwanangu,

Marahaba, ya barua zote mbili. Mimi ni mzima wa mwili. Paa la stoo limezibwa. Cherehani ya mama yako nimeifunika kwa lile pazia la sebuleni, kwa kuwa sina tena wa kugombana naye juu ya pindo.

Ilikuwa ya kugusa.

Nililijua siku ile nilipompokea kutoka kwa mwenzangu. Nikatoka nje, nikanawa mikono, nikanawa tena, nikarudi nikamwambia dada yangu alale vizuri. Nilikuwa nikiibonyeza inarudi ndani ya mpini wake, nami nasema "pumua," naye anapumua. Akishuka ananishika mkono, "Leo kuna nafuu." Neno hilo ndilo lililonibeba, Kasuku. Nilijiambia, kuna watu hupata nafuu kwa kuguswa tu, kwa kulazwa na kuangaliwa, tunawaona kila siku. Kama dada yangu ni wa hao, basi simdhulumu. Bila neno lile ningembadilishia. Nakuambia ukweli, ningembadilishia wiki ya pili, na utafiti ungekwenda na maji.

Umeniuliza kama sikuona. Niliona. Kila asubuhi shuka lilikuwa limekunjwa magotini kama siku zote. Mtu aliyepata nafuu hujifunika. Nililiona shuka, nikachagua kusikia maneno.

Duru yake ilipokwisha, na Mwalimu ameshauliza swali lake la mwisho, Bwana Taratibu aliniita akasema ahadi ni ahadi, mpe ya kweli. Wakati huo alikuwa hawezi tena kuja hospitalini. Nilikwenda na sindano nyumbani. Alikuwa chumba cha mbele, dirisha wazi, kwa jirani wanagonga mabati. Nikamwambia maneno yangu yale yale. Nikachoma chini ya goti.

Alishtuka akaniangalia.

"Ee! Kumbe inaingia?"

"Inaingia, dada."

"Na zile nyingine zote?"

Nilikuwa na ruhusa ya kujibu. Nikawa naangalia mguu wake. Nikasikia kitanda kinatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Unakumbuka alivyokuwa akicheka, kiganja mdomoni kama mtu aliyeiba sukari.

"Mungu wangu! Na mimi siku zote nilidhani hujui kazi!"

Ndivyo alivyoniambia. "Nilikuwa najiambia, ya kugusa hawezi kunipa mimi dada yake; maskini mdogo wangu, amesomea miaka yote hii, mtoto anamtafutia wafadhili, na mkono wake haunisaidii hata chembe. Nitaanzaje kumwambia? Nikaona nikupe moyo."

Alikuwa ananipa moyo mimi. Kwa Mwalimu hakuweza kuongopa kwa sababu Mwalimu alimwambia jibu lake litawasaidia watakaokuja. Kwa hiyo ukweli alimpa Mwalimu, nafuu akatugawia mimi na wewe, na maumivu akabaki nayo.

Tulicheka mpaka sindano zikaanza kuyumba, nikamkataza asicheke. Kisha mimi nikalia. Akaniambia nisimlowanishe, ametoka kuoga.

Kesho yake asubuhi nilipoingia na uji, shuka lilikuwa limevutwa mpaka chini. Limefunika nyayo. Nilisimama mlangoni uji ukapoa. Nilimchoma tena na tena mpaka siku zake zikaisha, na alilala amejifunika. Zilikuwa siku chache. Angeweza kupata miezi, na aliyemnyima ni mimi, kwa mkono huu ninaokuandikia nao.

Sijui kama nilimtendea vizuri. Utafiti niliutendea vizuri, hilo najua. Nimejaribu kuyaweka mawili hayo pamoja yakae, hayakai. Umesema watu wazito wameiona tofauti. Tofauti hiyo ina upande wa pili, na kwenye upande huo yumo mama yako anayesema nane.

Nilinyamaza kwa sababu alinikataza. Alisema, "Kasuku usimwambie, atalia, halafu atawatangazia watu wote." Nimelishika agizo lake mpaka leo. Leo limenishinda, na yeye anisamehe huko aliko.

Habari yake ukitaka kuiandika, iandike. Ukitaka kunichukia, nalo lina haki yake. Lakini mtoto mlete, hajaniuma bado.

Mama yako mdogo


9 Januari

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mtoto anatembea. Alianza wiki ya mwaka mpya, kutoka kwenye kiti mpaka kwenye magoti yangu, na nilimtafuta Mama kwa macho nimwonyeshe.

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma tena kwenye ngazi za ofisi. Nimelia kama alivyosema. Hilo la pili sijalifanya, sijamtangazia mtu. Bosi nimempa habari ya yule fundi mwashi, yeye ana hadithi nzuri.

Sijui kama nimekusamehe. Kuna siku naamka nimekusamehe, na kabla ya chai sijakusamehe tena. Nimejiuliza kama ungeniandikia "nimembadilishia" ningekuheshimu. Ningekupenda sana, lakini nisingeamini tena kitu chochote ninachokwenda kuwaambia wafadhili.

Nakuja mwezi ujao pamoja na mtoto. Bega langu la kushoto limekaza tangu mazishi, siwezi kuinua mkono kutundika nguo. Sitaki vidonge. Nataka unichome wewe, sindano inayoingia, na uso wowote utakaokuwa nao siku hiyo.

Na ukiniuliza kama kuna nafuu, Mama Mdogo, nitakuambia kama ipo. Kama haipo nitakuambia haipo.

Mwanao,
Kasuku